Fundi, Usilisugue Ganda Langu

Nilipompelekea fundi lile ganda la shaba la kombora la mzinga wa vita nilimwomba kitu kimoja tu: kistendi cha mninga cha kulisimamishia sebuleni. Nikamwachia hela ya mbao na vipimo. Baada ya siku tatu nikapita karakanani kwake, akatoka nalo amelifunika kitambaa, uso umejaa furaha. "Bosi, hii nimekuongezea bure." Akafunua.

Liling'aa kama sinia la harusi. Akalipindua nione na chini, maana hata chini hakukuacha. Kwenye kitako palibaki duara za grenda, moja ndani ya nyingine, na tundu la kiwashio katikati. Basi. Taji halipo, herufi haipo, mwaka haupo.

Sikumgombeza. Alifanya kwa moyo mweupe, na kwake kazi nzuri ni kazi inayong'aa. Nikamlipa, nikalifunga kwenye kanga, nikapanda bodaboda hadi nyumbani Nkuhungu, hapa Dodoma, bila neno. Hii ni wiki ya tatu na bado linaniuma.

Ganda hilo lilitoka kwa bibi mmoja upande wa Kondoa. Miaka yote alilitumia kuzuia mlango usibamizwe na upepo. Kabla sijaligusa tulimwita askari akaja kulitazama: tupu, kiwashio kimeshapigwa, ukimulika tochi unaona hadi mwisho. Nikapima mdomo, milimita 105 na kidogo. Ganda refu, si lile fupi la hauza, mzinga wa mtutu mfupi. Nilikaa chini pale pale kwenye kizingiti cha bibi, kwa sababu namba hiyo Kondoa si namba ya kawaida.

Manowari ya Wajerumani, Königsberg, ilimalizwa na Waingereza kwenye delta ya Rufiji Julai 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Mizinga yake 10 ya sentimita 10.5 ikaopolewa majini na kuundiwa magurudumu ili ipigane nchi kavu. Mei 1916, jeshi la Van Deventer, jenerali wa Afrika Kusini aliyepigana upande wa Waingereza, likiwa limeshaishika Kondoa Irangi, mzinga wa meli hiyo ulikuwa miongoni mwa iliyokuwa ikiwarushia makombora kutoka vilimani. Mzinga wa baharini, katikati ya nchi, mamia ya kilomita kutoka kwenye maji ya chumvi. Ukitaka kuiona mizinga yenyewe leo, mmoja uko Mombasa, Fort Jesus, na mwingine uko Pretoria. Sisi tuliopigiwa tumebakiwa na maganda.

Sasa kile kitako. Bibi alipoingia ndani kuchemsha chai nilikifuta kidogo kwa kidole chenye mate, nikaona taji dogo na chini yake herufi M. Hiyo ni alama ya ukaguzi ya jeshi la majini la Kaisari. Pembeni, chini ya uchafu mgumu mweusi, kulikuwa na tarakimu. Nilisoma 1 na 9, mbili za mwisho zikagoma. Nikasema nitazisafisha taratibu nyumbani kwa maji ya uvuguvugu na kijiti cha meno. Kwa nini niharakishe? Limekaa miaka mia moja, litanisubiri wiki moja.

Hizo tarakimu mbili ndizo zinazoninyima usingizi. Königsberg iliondoka Ujerumani Aprili 1914. Ganda lenye mwaka wa kabla ya hapo lingeweza kuwa limekuja na meli yenyewe, likazunguka Bahari ya Hindi, likajificha nayo Rufiji miezi yote ile. Lakini kama zingesomeka 15, hadithi ingekuwa nyingine kabisa. Pwani yetu ilikuwa imezingirwa na Waingereza na hapakuwa na duka la kununua makombora. Ganda la 1915 lingekuwa limepenya mzingiro huo kwa meli ya magendo. Rubens ilijaribu Aprili 1915: ikashambuliwa Manza, kaskazini ya Tanga, ikaungua na kuzama kwenye maji mafupi, na shehena ikatolewa na wapiga mbizi, risasi zilizolowa zikafunguliwa na kukaushwa moja moja. Mwaka uliofuata meli nyingine, Marie, ikaingia Sudi, kusini ya Lindi. Tarakimu mbili, upana wake haufiki punje mbili za mtama, ndizo zingeniambia ganda la bibi lilipita njia ipi. Grenda ilizimaliza kwa muda usiotosha kunywa soda.

Watu wananiambia, "Lakini limependeza." Kweli, limependeza. Nakubali pia kwamba mgeni akiingia sebuleni kwangu sasa hivi analiona kabla hajaniona mimi, wakati mwanzo angedhani ni kipande cha bomba. Lakini wenzangu wanaokusanya sarafu, nawauliza: yupi kati yenu amewahi kuipiga msasa heller 20 ya Tabora? Sarafu ile ya Wajerumani ya 1916, yenye herufi T, iliyopigwa kwenye karakana ya reli kwa shaba chakavu za vita, maganda yakiwemo. Mnaishika kwa kingo kama yai. Mnajua weusi wake ndio umri wake, na ukiusugua umeishusha thamani siku hiyo hiyo. Shaba ni ile ile na vita ni vile vile. Ganda limekosa nini hata liogeshwe kwa jiwe?

Na si grenda peke yake. Ndimu na majivu, ambavyo wengi wetu tulifundishwa na mama zetu kwa vyombo vya shaba, vinaifaa sufuria inayosuguliwa kila wiki, si ganda. Tindikali ya ndimu ikikaa inatoa zinki kwenye shaba ya njano, na unabaki na mabaka ya waridi ambayo hayaondoki tena. Dawa za dukani zenye amonia ni mbaya zaidi. Waingereza walilijua hili India zamani: risasi zilizohifadhiwa karibu na mazizi ya farasi zilikuwa zinapasuka zenyewe msimu wa mvua, kwa sababu mvuke wa mkojo wa farasi una amonia, na amonia inaingia kwenye shaba iliyokazwa kiwandani na kuifungua nyufa. Na nyufa hizo hupenda kuanzia mdomoni. Unalipaka leo linang'aa, na ufa utakuja kuuona baadaye.

Ninachofanya mimi ni hiki, wala hakina siri. Kabla ya maji, kabla ya kitambaa, kabla ya kumwonyesha mtu: karatasi nyembamba juu ya kitako, penseli laini iliyolazwa, unapaka taratibu hadi kila herufi itokee. Halafu picha, tochi ikimulika kutoka ubavuni ili vivuli viingie kwenye michoro. Ndipo sabuni ya kawaida, maji ya uvuguvugu, mswaki laini, kijiti cha mti kwenye herufi. Unalikausha sawasawa, unalipaka nta kidogo, unaacha. Penye unga wa kijani unaokula shaba utautoa, hapo hakuna ubishi. Vichwa vya makombora ni chuma, na kutu haina subira, kwa hiyo hivyo vina utaratibu wake. Ila hata huko rangi ya kiwandani ikibaki ya ukubwa wa ukucha, usiifunike kwa rangi mpya.

Karatasi na penseli. Siku ile kwa bibi nilikuwa navyo kwenye mkoba. Sikuvitoa.

Kuna jambo lazima nilitenge. Haya yote ni ya ganda lililopigwa na kukaguliwa. Ukikuta shambani kitu chenye kichwa, au chenye fyuzi, au hata usichokielewa, usikiokote, usikigonge, usikipeleke kwa fundi wala kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Weka alama kwa mbali, watoe watoto, piga simu polisi, wao watawaita wataalamu wa jeshi. Ngara, Novemba 2017, mtoto aliokota kitu akidhani ni chuma chakavu, akaenda nacho shuleni. Lilikuwa guruneti, na wanafunzi walikufa. Umri wa bomu hauliondolei ubomu. Hakuna mkusanyiko wenye thamani ya kidole cha mtoto, na anayenunua vichwa visivyo na uthibitisho wa wataalamu asiniite mwenzake.

Nimeulizwa pia kwa nini nihangaike na takataka za vita ya Wazungu. Ilikuwa vita yao, lakini kichwa cha kombora moja la sentimita 10.5 ni zaidi ya kilo 15, bila ganda wala baruti, na hakikutembea chenyewe kutoka stesheni ya reli hadi Kondoa. Mizinga ilivutwa kwa kamba, mizigo ilienda vichwani. Walioibeba hawakupigiwa picha kwa majina yao. Dodoma ilichukuliwa na Waingereza tarehe 29 Julai 1916, na majeshi ya pande zote mbili yalikuwa yameshajichotea ng'ombe na nafaka za Wagogo. Mvua ilipokataa ikaja Mtunya, njaa ambayo wazee wa hapa bado wanaitaja kwa jina kama mtu aliyewahi kuingia nyumbani. Mpagazi hakuachiwa cheti. Ganda alilolibeba liligongwa muhuri kiwandani, lina mwezi, mwaka na mahali. Ndiyo karatasi pekee iliyobaki ya safari yake, na tunaifuta kwa grenda ili iendane na makochi.

Jumamosi natoka na basi la alfajiri kwenda Kondoa tena. Mzee mmoja kule ana ganda jingine, fupi, mdomo mpana, anawekea mbegu za alizeti. Nilimpigia juzi. "Njoo mjukuu wangu," akasema, "nitawaambia watoto walioshe ulikute safi."

"Shikamoo tena babu," nikamwambia, "nakuomba sana, wasilioshe."

Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza kama hata mbegu azitoe au aziache.