Kiroboto aliyeziba na asiyeziba: joto la Kigoma linatukinga na tauni?

Mtajie tauni, ule ugonjwa wa bakteria wanaosambazwa na viroboto wa panya, mtu wa Ujiji au Mwanga hapa Kigoma, atakuelekeza Lushoto au Mbulu: huo ni ugonjwa wa watu wa milimani, wa baridi. Hajakosea sana. Lushoto ilihangaika nayo kuanzia 1980 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, na wagonjwa wakapita 7,000. Madagaska nako tauni imeng'ang'ania nyanda za juu, zaidi ya mita 800 kutoka usawa wa bahari, wakati Ziwa Tanganyika liko kwenye mita 770 na ushei. Hesabu inavutia. Ila sababu inayotolewa, kwamba joto letu haliwezani na tauni, ni ya kupimwa, na kipimo chenyewe kimo tumboni mwa kiroboto.

Kiroboto hazaliwi na tauni, wala mayai yake hayarithi chochote. Anaipata kwa kunyonya panya aliye mahututi. Mlo wake ni mdogo mno, mikrolita 0.1 hadi 0.3. Panya akiwa na bakteria milioni moja kwa kila mililita ya damu, kiroboto anaondoka na kama 100 tu, na wengi wao watatoka na kinyesi. Panya huyo akifikisha milioni 100, mlo uleule unabeba 10,000. Ndiyo maana panya anayeugua kidogo kisha akapona haendelezi ugonjwa. Anayeuendeleza ni yule anayekufa damu yake ikiwa imejaa.

Kuanzia hapo, juu ya namna kiroboto anavyoambukiza, wataalamu wanagawanyika.

Maelezo ya zamani yalitolewa na watafiti Bacot na Martin mwaka 1914. Kati ya koo na tumbo la kiroboto kuna kilango kilichopangwa miiba myembamba inayoelekea nyuma, kazi yake kuzuia damu isirudi. Bakteria hujishika kwenye miiba hiyo, hutoa utando unaonata, na baada ya wiki moja, mbili au hata zaidi, kilango kinaziba kabisa. Kiroboto akinyonya, damu inagonga kile kidonge cha bakteria na utando wao, kisha inarudi. Anacheua ndani ya jeraha, bakteria wakiwemo. Kwa kuwa hakuna kilichoingia tumboni, njaa inabaki palepale, naye anauma tena, anahama panya, anauma tena, hadi anakufa njaa baada ya siku chache. Katika siku hizo chache hakuna mwenezaji hodari kama yeye.

Maelezo haya yana upungufu mmoja mkubwa. Kule Marekani kuna jamii ya kuchakulo wanaoishi kwa makundi kwenye nyika, na tauni ikiingia katika koloni lao inaweza kuwafyeka karibu wote ndani ya wiki chache. Viroboto wao huziba kwa nadra, tena kwa kuchelewa. Mwaka 2006 watafiti wa huko walionyesha kwamba kiroboto wa kuchakulo, Oropsylla montana, anaweza kuambukiza siku moja hadi nne tu baada ya kunyonya damu yenye tauni, bila kuziba. Baadaye hata bakteria walionyang'anywa uwezo wa kutengeneza utando waliambukiza kwa njia hiyo ya mapema.

Je, Bacot na Martin wamepitwa na wakati? La. Njia ya mapema ni ya haraka lakini dhaifu: kiroboto mmoja mmoja mara nyingi hashindi, na inahitaji viroboto wengi juu ya panya mmoja. Aliyeziba anaweza kuambukiza peke yake. Tena damu yenyewe ina mchango wake. Damu ya panya wa jamii kubwa husagika polepole tumboni mwa kiroboto kuliko ya panya wa jamii ndogo, na uchafu wake hurudi kooni mapema zaidi. Kwa maoni yetu, kuziba ndiko kunakotunza kaa chini ya jivu msimu hadi msimu, na njia ya mapema ndiyo inayolipua moto panya wakishajaa.

Sasa turudi kwenye joto. Ni kweli kwamba likipita nyuzi 28 hivi kile kidonge hakikai vizuri, na viroboto wengi hawazibi. Hoja ya watu wa Ujiji inapata nguvu hapo. Lakini joto la barazani silo la shimoni. Nusu mita chini ya ardhi, panya shamba amelala kwenye ubaridi wenye unyevu usiobadilika sana mchana na usiku, na viroboto wake wako naye. Zaidi ya hayo, Kigoma si ufukwe wa ziwa peke yake: Kasulu na Buhigwe ziko juu zaidi, na Tabora imekaa kwenye mita 1,200 hivi. Na bandari? Mahajanga, mji wa pwani wenye joto huko Madagaska, ulipata tauni tena mwaka 1991 baada ya miongo kadhaa ya ukimya. Joto linapunguza hatari, halifungi mlango.

Kinachotutia shaka zaidi ni namna tunavyoua panya. Baada ya mavuno, mahindi yakiwa ndani na panya shamba wakiwa wameshazaana (mzao mmoja huweza kuwa na watoto 10 au zaidi), kila soko lina kijana mwenye kipaza sauti anayenadi sumu ya panya, mende na kunguni. Sumu nyingi za chambo huchukua siku tatu hadi saba kuua. Panya akipoa, kiroboto anahisi ubaridi na kushuka kutafuta mwili wenye joto: panya mwingine, au mguu wa mtu. Penye dalili za tauni, kuanza kumuua panya na kumwacha kiroboto ni kumkaribisha kiroboto huyo nyumbani.

Utaratibu unaofaa ni kinyume chake. Jioni ziba mashimo kwa majani au udongo mwepesi. Yatakayofunguliwa asubuhi ndiyo yanayokaliwa. Funga kitambaa cheupe chenye nywelenywele kwenye fimbo inayopindika, kiingize shimoni kama nusu dakika, kisha kitie upesi kwenye mfuko wa plastiki na uhesabu viroboto. Kwa mashimo ya kuchakulo, Wamarekani hupuliza gramu 4 hadi 6 za unga wa deltamethrini, dawa ya kuua viroboto, wa asilimia 0.05 kwa kila shimo. Rudia kitambaa baada ya siku chache. Kikitoka kitupu ndipo chambo cha sumu kifuate. Kikitoka na viroboto walewale, usiongeze unga kwa hasira: Madagaska viroboto wameshakuwa sugu kwa deltamethrini, na kitakachosaidia ni kubadili aina ya dawa.

Na panya wakikutwa wamekufa ovyo bila mtu kuweka sumu, wasiguswe kwa mikono wala kupewa paka. Taarifa ipelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, maana kama viroboto wao ni wa njia ya mapema, zile wiki za kusubiri kilango kizibe hazipo.