Msaidizi wa darasa maalumu ajifunze kungoja

Saa nne, kabla ya uji, ndipo utakapojua kama kitengo cha elimu maalumu kina msaidizi mzuri. Chukua shule ya Tanga ambako watoto hunawia kwenye kibuyu chirizi, dumu la maji linaloinama ukikanyaga kijiti kilichofungwa kamba. Msaidizi mwenye haraka humnawisha kila mmoja, foleni ikaisha upesi. Kwangu hiyo ni fursa iliyopotea: mikono imetakata, mtoto hajajifunza kitu.

Kunawa kuna hatua 6: kukanyaga kijiti, kulowesha mikono, kushika sabuni, kusugua, kukanyaga tena na kusuuza, kukung'uta maji. Anza kufundisha ya mwisho. Msaidizi amwongoze kwa mkono hatua 5 za kwanza, ya 6 amwachie. Akiimudu siku kadhaa mfululizo, aachiwe mbili, hivyo hivyo kurudi nyuma. Kwa njia hii mtoto ndiye anayeimaliza kazi kila siku, na akimaliza tu, uji huo hapo.

Msaada nao upungue: mkono juu ya mkono, kisha kugusa kiwiko, kisha kuonyesha kwa kidole. Simama nyuma yake. Ukisimama mbele atatazama uso wako, si maji. Ukisema "sugua", nyamaza, hesabu kimoyomoyo hadi 10. Wengi wetu hurudia neno kabla mtoto mwenye usonji au ulemavu wa akili hajalipokea la kwanza, naye huanza upya. Mwalimu akisema "sugua" na msaidizi "fikicha", mambo huharibika zaidi. Kubalianeni neno moja, na mama nyumbani alijue.

Mwenye mtindio wa ubongo huenda asiweze kuinua mguu akabaki amesimama. Chimbieni nguzo imara ya kushika, kimo cha kifua chake.

Kifafa kikimwangusha hapo, ondoa mawe, mlaze ubavu, tazama saa. Degedege likivuka dakika 5, hospitali. Usimtie kijiko mdomoni: ulimi haumezwi, meno ndiyo huvunjika.

Walimu waliopitia Chuo cha Patandi, Arusha, wamesomea elimu maalumu. Msaidizi hupewa ufagio na funguo za choo, basi. Si haki kwake, wala kwa watoto. Wakuu wa shule wampe walau daftari: jina la mtoto, hatua aliyofikia, msaada aliohitaji leo. Akiugua, atakayeshika zamu yake aendelee palepale, asianze kumnawisha mtoto upya.