Vidukari wa sukuma na hesabu ya madume

Hapa kwetu Kayole, Nairobi, tunapanda sukuma wiki kwa magunia kando ya ukuta wa ploti, na juzi mama jirani amelia sana kwamba vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza majani, wamemvamia ghafla, Jumapili majani safi, Ijumaa yamejikunja yote. Nikageuza jani moja tukavuta kamera ya simu karibu, tukamwona mama mmoja mnene ametulia tu na katoto kanamtoka nyuma, hakuna yai, hakuna dume, na hako katoto kanazaliwa tayari kana vijusi vya watoto wake tumboni. Akaniuliza, sasa dume ana kazi gani?

Swali zito hilo, wanabayolojia limewaumiza kichwa miaka mingi. Piga hesabu tu. Chukua mama wawili, kila mmoja azae kumi. Yule asiyehitaji dume anazaa mabinti watupu, wajukuu wanafika 100, vitukuu 1,000. Yule mwingine nusu ya watoto wake ni madume, hawazai, kwa hivyo wajukuu 50, vitukuu 250. Na hapo hujaweka muda wa kutafutana wala chavua inayopotea na upepo. Tena kama mama amestawi mahali, binti aliye nakala yake kabisa pia atastawi hapo, ndio maana mkulima wa viazi aina ya Shangi kule Nyandarua anarudisha kiazi chenyewe udongoni, hangoji mbegu ya maua.

Lakini hapo kwa waru, yaani viazi, ndipo mimi huogopa. Ireland walitegemea sana aina moja ya kiazi, Lumper, nakala kwa nakala, ukungu ukaingia 1845 na watu kama milioni moja wakafa kwa njaa na magonjwa yake. Ugonjwa ukipata ufunguo wa kiazi kimoja, umefungua shamba lote. Ndizi ni vilevile, aina ya Gros Michel ilimalizwa kwenye mashamba makubwa na ugonjwa wa mnyauko, yakahamia aina ya Cavendish, sasa kuna mnyauko mwingine unaoua Cavendish na 2013 ulitangazwa Msumbiji, si mbali na sisi, na ndizi hizi hazina mbegu kwa hivyo kuzichanganya upate aina mpya ni kazi ngumu mno.

Kuna atakayesema ule ukungu wenyewe ulienea bila kujamiiana na bado ukashinda. Kweli kabisa, nakubali, ila ulishinda kwa sababu ulikuta mlo wote umefanana.

Kwangu mimi vidukari wenyewe ndio wametoa jibu. Kwenye nchi za baridi, msimu ukigeuka, hao hao wanazaa madume na majike, wanapandana, wanataga mayai yanayovumilia theluji. Nairobi hakuna theluji basi wanaendelea tu na mabinti. Kwa hivyo waru ziendelee kupandwa nakala, sina shida, bora wale watafiti wa viazi pale Tigoni wasikose pesa ya kukutanisha maua wapate aina mpya.

Mama jirani amenyunyiza maji ya sabuni mara mbili. Jana nimegeuza majani tena, nimeona wamebaki watatu, nimewaponda kwa kidole.