Ule weupe si utupu

Mwandishi wa makala ninayoijibu hapa anatuambia kwamba picha za makanisa ya Uholanzi alizochora Pieter Saenredam, mchoraji Mholanzi wa karne ya 17, ni tupu na zimepoa. Mimi naona kinyume. Makanisa yale yalijaa sanamu na picha za watakatifu hadi zilipoanza vurugu za 1566, Waprotestanti walipoingia na kuvunja. Baadaye kuta zikapakwa chokaa. Sasa ukimnyang'anya mchoraji dhahabu na sanamu zote, anabakiwa na nini? Mwanga. Unaingia kwa madirisha ya vioo visivyo na rangi, unagonga nguzo, upande mmoja unang'aa kama maziwa, upande wa pili unaelekea kijivu, kisha manjano kidogo. Tazama kwa makini: nyeupe kavu karibu haipo.

Na hakuwa anabahatisha. Alikwenda kwanza kanisani, akapima na kuchora kwenye karatasi. Rangi zenyewe wakati mwingine zilikuja miaka kadhaa baadaye.

Kuhusu huo ubaridi: picha ya kanisa la Assendelft, alikozaliwa, aliyoichora 1649, ipo kwenye makumbusho ya Rijksmuseum pale Amsterdam. Sakafuni, mbele kabisa, kuna jiwe la kaburi la baba yake. Huo ni ubaridi gani jamani?

Anayetaka pilikapilika amwangalie Emanuel de Witte, Mholanzi mwingine wa karne hiyo aliyechora makanisa: jua kali, watu wanapiga soga, mbwa anakojolea nguzo (kweli, yupo, mtafute). Nampenda pia, ila baadhi ya makanisa yake hayakuwepo popote, aliyaunganisha kichwani mwake.