Zimo Humohumo

Hivi nani aliwaambia waandishi wa habari kwamba kazi yao inaisha kadi ya kamera ikishafika mezani kwangu mimi mhariri wa picha za video? Mtu anaingia anahema, habari inaruka usiku huu, anairusha kadi: "Kaka, picha zote zimo humo. Fanya mambo."

Humo wapi? Nafungua nakuta klipu C0001, C0002, C0003, foleni mpaka macho yanauma. Mimi ni mtu mzima na heshima zangu, nauliza kistaarabu: "Ndugu yangu, tamko la mkurugenzi liko klipu ya ngapi?"

"Liko katikati pale."

"Katikati ya nini?"

"Baada ya yule mama mwenye kilemba."

Haya. Natafuta kilemba. Klipu ya kwanza: ukuta. Ya pili: ukuta uleule, safari hii umetulia. Ya tatu ndefu, nikajua ndiyo yenyewe. Kumbe mpigapicha alidhani amezima kamera, kaining'iniza mkononi, tunatembea naye: viatu, ngazi, viatu, mlango, viatu. Sauti sasa, safi kuliko mahojiano yote! Anamweleza dereva jinsi mhariri wa picha, yaani mimi, alivyo mtu wa kulalamika. Nikaiwekea alama nyekundu. Hiyo naitunza.

Kilemba nikakipata. Ukumbi mzima umevaa vilemba.

"Lakini taimukodi, zile namba za kuonyesha tamko liko wapi kwenye video, si uliandika?"

"Niliandika, kaka, mbona unanidharau?" Ananifunulia daftari. Ukurasa mzima una mstari mmoja: "Mkurugenzi – safi sana."

Saa, dakika, sekunde, fremu, tarakimu nane tu za kunakili, bwana mkubwa kaniletea "safi sana"!

Kadi ya pili ilifomatiwa, yaani ilifutwa yote kabla ya kurekodi, nayo imeanza kuhesabu upya C0001. Zimwage zote folda moja uone kompyuta inavyokuuliza kama ufute ya zamani, na kidole cha mtu mwenye haraka siku zote kinabonyeza ndiyo. Nipange kwa tarehe? Saa ya kamera inasema 1/1/2015. Mkutano wa leo asubuhi! Video ya shuhuda imekuja kwa WhatsApp, imesimama wima, imeminywa mpaka watu hawana pua.

Nimesema mpaka koo limekauka: kila kadi na folda yake, jina lianze na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, zitajipanga zenyewe; nakala ya pili kabla hujagusa chochote; mahojiano kando, picha za mazingira kando. Wananitazama kama nawasomea wosia. Kesho yake nakuta folda "Mpya", ndani yake "Mpya kabisa", ndani yake "Hii ndiyo". Tupu.

Sasa hivi bosi kachungulia: "Bado tu? Si dakika moja na nusu tu hiyo?"

Dakika moja na nusu! Aje azichimbue yeye humo kwenye viatu! Halafu kiti changu hiki, nani kakishusha tena? Kila nikitoka kidogo kuna mtu anakaa hapa, anashusha kiti, anaondoka na hedifoni. Hedifoni zenyewe zinasikika sikio moja. Nani wewe? Rudisha!