Sheffield hawasahau, sisi wa Amu tunasahau kusudi

Jirani yangu hapa Sheffield ni mzee mstaafu wa kiwanda cha chuma. Juzi tulitoka nje wakati mmoja, kila mtu na kipeperushi chake cha chama cha Liberal Democrats kilichopenyezwa kwenye tundu la barua. Mimi nilitaka kuona wanasema nini juu ya mabasi. Yeye alikikunja mara mbili bila kukisoma, akakifinya kwa kidole gumba, akakitupa kwenye pipa. "Hawa ndio waliotunyima zile milioni themanini," akasema, akaingia ndani.

Ilinichukua muda kuelewa. Alikuwa akizungumzia jambo la Juni 2010.

Mwaka huo chama cha Conservative hakikupata wabunge wa kutosha kuunda serikali peke yake, kikaungana na Liberal Democrats. David Cameron akawa waziri mkuu, Nick Clegg naibu wake. Clegg alikuwa mbunge wa hapa hapa, Sheffield Hallam. Serikali iliyotangulia ilikuwa imekikubalia kiwanda cha Sheffield Forgemasters mkopo wa pauni milioni 80 ili kinunue mtambo mkubwa wa kufua vipuri vya vinu vya nyuklia. Serikali ya mseto iliuvunja mkopo huo katika wiki zake za mwanzo, kwa jina la kubana matumizi. Mbunge wa mji yumo ndani, tena ni mtu wa pili serikalini, na mji wake ndio unaokatwa kwanza. Mzee wangu hajalimeza hilo mpaka leo, ingawa kiwanda chenyewe kimeshachukuliwa na Wizara ya Ulinzi tangu 2021.

Kusema kweli niliona wivu. Nilitamani watu wangu wa Amu, kisiwani Lamu huko Kenya, wawe na kinyongo cha namna hiyo.

Halafu likaja la ada za vyuo, na hili ndilo lililowamaliza. Kabla ya uchaguzi, Clegg na wenzake walitia sahihi zao kwenye ahadi ya wanafunzi kwamba watapinga ada kupandishwa. Walipigwa picha wakiwa wameishika karatasi. Tarehe 9 Desemba 2010 Bunge likapiga kura ya kupandisha kikomo cha ada kutoka pauni elfu tatu na kitu mpaka 9,000 kwa mwaka. Wabunge 21 wa chama chake walikataa, Clegg akakubali. Machi iliyofuata chama kilifanya mkutano wake katika ukumbi wa jiji la Sheffield, na polisi walilazimika kuuzungushia vyuma jengo zima, kwa vile watu walikuwa nje wakimzomea mtu wa kwao. Mei 2011 Labour wakalitwaa jiji. Mwaka 2012 Clegg akaomba radhi hadharani. Haikusaidia. Mwaka 2015 chama kilianguka kutoka wabunge 57 mpaka 8, na mwaka 2017 yeye mwenyewe akakipoteza kiti chake.

Mfikirie tena jambo moja hapo, maana watu wengi hulipita. Aliyeshika kisu hasa alikuwa George Osborne wa Conservative, waziri wa fedha. Oktoba 2010 ndiye aliyesoma makato ya kiasi cha pauni bilioni 81 kwa miaka minne, na ndiye aliyepandisha kodi ya bidhaa mpaka asilimia 20. Na chama chake mwaka 2015 kilishinda, tena peke yake, bila kumhitaji mtu. Kura za maoni za miaka ile zilionyesha hivyo hivyo: watu wengi waliona makato hayana budi, wakalalamika kwamba hayakugawanywa kwa haki. Conservative walisema watakata, wakakata. Clegg alisema hatakubali, akakubali. Aliadhibiwa kwa sahihi yake.

Sasa njooni nyumbani.

Miezi michache iliyopita dada yangu alinitumia picha ya karatasi aliyokuja nayo mwanawe kutoka shule ya sekondari. Hela ya chakula cha mchana, hela ya mitihani, hela ya ukarabati, na chini kabisa, kwa kalamu nyekundu, salio la muhula uliopita limepigiwa mstari mara mbili. Nyinyi mnaijua karatasi hiyo, kila nyumba inayo. Julai 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi aliwaambia wabunge kwamba serikali haimudu tena mgao wa shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi wa sekondari, inaweza kama 16,900. Baadaye tukaambiwa elimu bila malipo haijafutwa. Haijafutwa, lakini kilichopungua kimeandikwa kwa kalamu nyekundu na kinalipwa na dada yangu, maana yake ninakilipa mimi.

Mbadi ni wa ODM, chama cha Raila Odinga, ambacho watu wake waliingia serikali ya Rais Ruto mwaka 2024. ODM ndiyo sisi. Ndiyo tuliyoipigia kura pwani nzima miaka nenda miaka rudi. Nikampigia simu ami yangu, mtu ambaye hakosi barazani kila baada ya Alasiri, nikamsomea ile karatasi herufi kwa herufi. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia kwa upole wote: "Lakini mwanangu, Joho yuko ndani."

Yaani Hassan Joho, mtu wetu wa pwani, aliyefanywa waziri. Basi. Hilo ndilo jibu. Na ami yangu si mjinga, wallahi, ni mtu aliyesoma kuliko mimi. Anaweza kukueleza kesi ya wavuvi na bandari ya Magogoni tangu siku ya kwanza mpaka hukumu ya 2018 na zile bilioni 1.76 za fidia, nani alipata nini na nani bado anazungushwa. Kwenye bandari kumbukumbu yake ni kali kuliko ya jirani yangu. Ikifika serikali ya mseto, swali linageuka: wetu yumo au hayumo? Akiwemo, hesabu imefungwa.

Huu ndio mtengano ninaouona kila siku. Hapa mtu wao akiingia serikalini ndipo wanapomkamia: wewe uko ndani, kwa nini tumekatwa? Kwetu akiingia ndipo tunapomwachilia. Kabla hajaingia tulikuwa na maswali elfu. Akishaapishwa tunaanza kumjibia.

Na hili si la juzi. Nusu mkate ya kwanza, ile serikali ya kugawana madaraka, tunaikumbuka wote. Kibaki na Raila walitia sahihi Februari 2008, Kofi Annan amesimama nyuma yao, Aprili tukapata mawaziri 40. Fedha za elimu ya msingi zikafujwa chini ya serikali hiyo mpaka wafadhili wakasimamisha misaada. Kila upande wa serikali ulikuwa na watu wake mezani. Ukaja uchaguzi wa 2013 tukapiga kura kana kwamba upande mmoja haukuwahi kuwa serikalini.

Najua yatakayosemwa. Najua hata nani atakayeyasema. "Huyu amekwenda Uingereza, ameonja baridi kidogo, sasa anatufundisha siasa." Mimi nimezaliwa Langoni, mtaa wa Amu. Mamangu yuko Langoni. Hela ninazotuma kila mwezi, kutokana na kuwaosha na kuwalisha wazee wa watu usiku kucha, ndizo zinazoziba pale serikali inapokata. Kwenye kura, sisi wa ughaibuni tunaruhusiwa kumchagua rais tu. Mbunge na gavana wanachaguliwa na nyinyi. Karo hawajatuzuia kulipa. Kwa hiyo nina haki ya kuuliza, na nitauliza.

Mwingine atasema: huko wana pesa, makato yao ni mchezo. Aje aone. Mwaka 2014 jiji hili liliachia watu wa kujitolea zaidi ya maktaba kumi, kwa sababu mishahara ya kuziendesha ilikosekana. Ninayopeleka watoto wangu Jumamosi inafunguliwa na mwalimu mstaafu wa kike. Hufungua kufuli mbili, huwasha taa za upande mmoja tu kupunguza bili ya umeme, huvaa koti lake humo humo ndani mpaka saa sita, na hakuna anachopata. Muulize kwa nini halipwi, atakutajia mwaka, chama na jina la waziri. Hana ukali. Anakutajia tu, jinsi mtu anavyokutajia njia ya kwenda hospitali. Mimi nikisimama Mkunguni, uwanjani kwetu Amu, nikauliza kwa nini dawa hazipo, nitaambiwa "serikali". Serikali ipi? Nani? Kikao gani, lini, na mtu wetu alinyoosha mkono au alinyamaza?

Lakini kuna hoja moja ninayoiheshimu, na sitaki kuipita. Ni ya wale wanaosema: mseto wa Waingereza ulitokana na hesabu ya viti, wa kwetu ulitokana na damu. Kweli tupu. Mwaka 2008 watu walikuwa wanachinjana, na ile karatasi ilizima moto. Mwaka 2024 vijana walikuwa wamelala makaburini. Mama aliyezika mwanawe hana haja ya kusikia habari za Clegg. Atakayesema mseto ni afadhali kuliko vita, mimi niko naye. Ila amani hiyo isigeuzwe kuwa pazia. Mtu asije akaniambia kwamba nikiuliza zilikokwenda shilingi 5,344 alizopunguziwa mtoto nitaleta vita. Nani atapigana kwa kuulizwa hesabu?

Na msidhani nawatukuza Waingereza, maana kwenye hili hili kuna mahali tumewapita kwa mbali. Machi 2011 walijaa London, mamia ya maelfu ya watu, wakaandamana kupinga makato kwa utaratibu wao mzuri, na vyombo na watoto mabegani. Serikali haikurudi nyuma. Ada zile za vyuo ziko pale pale, na mwaka 2025 zimepanda tena hadi pauni 9,535. Waliadhibu mtu lakini hawakurudisha kitu. Vijana wetu waliingia barabarani Juni 2024, Nairobi, Mombasa, kila pembe, na siku moja tu baada ya Bunge kuvamiwa rais akasimama mbele ya nchi akasema hatautia sahihi Mswada wa Fedha. Siku moja! Siku hiyo nilikuwa kazini, na nilimwonyesha kila aliyepita simu yangu. Niliwaambia: hao ni wa kwetu. Nilijiona mrefu.

Ndiyo maana yaliyofuata yaliniuma hivi. Tarehe 5 Julai yakatangazwa makato: mashirika 47 ya umma kuvunjwa, bajeti kupunguzwa, na sehemu ya pengo kukopwa. Tarehe 24 Julai wakatajwa mawaziri kutoka ODM. Na pwani ikashangilia. Lile swali la vijana, pesa zetu zinakwenda wapi, likafunikwa na furaha ya kuona mtu wetu akila kiapo. Aliyeulizwa na anayeuliza wakawa meza moja, na sisi tukapiga vigelegele kama walioposa.

Machi 2025 wakatia sahihi rasmi pale KICC, jumba la mikutano la Nairobi, Ruto na marehemu Raila, ajenda ya mambo kumi. Iko, imechapishwa, si siri. Mmo ugatuzi, mmo fidia kwa waliopigwa na kuuawa kwenye maandamano, mmo kuzuia ubadhirifu wa mali ya umma. Sasa niambieni, nani barazani anayeweza kuyataja yote kumi? Nilimuuliza ami, akataja mawili. Nilimuuliza dada, akasema hajaiona. Mimi mwenyewe nililazimika kuitafuta. Wanafunzi wa hapa walikuwa na sentensi moja tu ya Clegg, wakaishika miaka mitano, ikatosha kukimaliza chama. Sisi tumepewa kumi, zenye sahihi na picha, na tumeziweka mahali ambapo hatuzioni.

Raila ameondoka Oktoba 2025, Mungu ampumzishe, na huzuni ile niliisikia mpaka huku. Lakini ahadi haikuzikwa naye. Waliobaki mezani wamebaki na mishahara, bendera na magari, basi wabaki na ahadi pia. Novemba ODM ilishinda uchaguzi mdogo wa Magarini, pwani wenzetu huko Kilifi, na sikusikia mtu hata mmoja akisema kura ile ilikuwa na sharti lolote. Wapewe kura, sina ugomvi. Mimi mwenyewe huenda nikawapa ya rais. Nataka wapewe wakiwa wametokwa na jasho kwanza.

Uchaguzi ni Agosti 2027. Muda mrefu kabla ya hapo watashuka uwanja wa ndege wa Manda, watavushwa kwa boti, gatini kutakuwa na ngoma na leso za rangi, na wengine watakuja na boti nzima ya zawadi. Ami, nawe utakuwa pale, nakujua, kiti cha mbele. Nakuomba kitu kimoja kwa heshima zote. Kabla hujampa mkono, muulize mbele za watu: bwana, kati ya 22,244 na 16,900 wewe ulikuwa kwenye serikali, siku ilipokatwa ulisema nini, na ulimwambia nani? Akikujibu kwamba tuko ndani, mwambie ndiyo sababu umemuuliza yeye, kisha umuulize tena.