Na Mimi Nina Kifungu cha 39

Makanga akikuitisha nauli kabla gari halijatoka stegi, jua kuna kitu. Leo alikusanya mbio mbio, hadi ya yule mama aliyelala kiti cha nyuma, na hatujaenda mbali gari likazimwa, akapiga bodi makofi akasema mwisho ni hapa, mbele kumewaka. Nikamwambia basi nirudishie nusu. Akaniangalia kwa huruma, akanifungulia mlango vizuri kabisa.

Wamefunga barabara tena. Ni watu wa upande wetu, wanataka daraja la kuvukia Waiyaki Way, ile barabara kuu ya Nairobi, na hapo sina ubishi, sote tunavuka pale kwa kushika mtoto mkono na kukimbia ukimtaja Mungu. Ubishi wangu ni wa saa. Mbona iwe asubuhi naenda kazi, mbona isiwe saa tano usiku barabara ikiwa haina mwenyewe? Nikatoa simu, bando zangu mwenyewe, nikatafuta sheria. Kumbe usiku ndio makosa! Sheria ya Utulivu wa Umma, kifungu cha 5, maandamano ni kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Yaani watu wazima walikaa chini wakatafuta zile saa mimi niko barabarani, wakasema hizo hizo.

Haya. Nikakaza tai, nikaanza kutembea.

Pale mbele kulikuwa na mawe yamepangwa kwa laini, tairi inafuka moshi katikati, na kijana wa gambuti ameketi juu ya jiwe kubwa na filimbi shingoni, ametulia kabisa, ungedhani ni askari wa benki. Akaniambia, "Mzee wangu, tawi liko wapi?"

Tawi gani?

"Hapa hakuna kupita bila tawi. Tutajuaje uko na sisi?"

Nikaona huu ndio wakati. Nikamwambia kijana, mimi ni mlipa ushuru, na kama hujui, Kifungu cha 37 cha Katiba kinasema mtu aandamane kwa amani na bila silaha, na ile Sheria ya Utulivu inataka kabla ya hapo mpeleke notisi kituoni. Nilidhani nimemmaliza. Akasema notisi ilipelekwa kwa OCS, mkuu wa kituo cha polisi, siku tatu kabla, maana sheria inataka isipungue tatu na isizidi kumi na nne, na iko na majina, anwani, saa na njia watakayopita. Nikamuuliza, na OCS alikubali? Akacheka hadi filimbi ikalia. "Akubali nini? Mambo ya kuomba ruhusa yaliisha 1997. Siku hizi tunamwarifu tu. Atakataa kama kuna wengine wameandikisha hapa hapa, siku hii hii, saa hii hii. Wewe uliandikisha?"

Sikuwa nimeandikisha.

Nikamwonyesha tairi. Na hii ndio amani? Akaiangalia, akaniangalia. "Hiyo tairi imetulia kukuliko."

Watu walikuwa wameanza kutuzunguka sasa, na mtu wa tai huwezi kushindwa na mtu wa gambuti mbele ya umati, kwa hivyo nikatoa ya mwisho. Nikasema kwa sauti, na mimi nina Kifungu cha 39! Kila mtu ana uhuru wa kwenda anakotaka! Kukawa kimya kidogo. Akasimama, akanishika bega kama ananipa pole ya msiba.

"Mzee, 39 ni uhuru wa kutembea. Si uhuru wa kubebwa. Tembea."

Hata mama wa mayai alicheka, na yeye nilikuwa nataka kununua kwake.

Tawi likauzwa. Ndiyo, yanauzwa, kuna mtoto kando amerundika matawi ya kayaba aliyokata kwa ua wa mtu, moja mbao, yaani shilingi ishirini. Nikajaribu kubagain akaniambia yale ya bei ya chini yameisha asubuhi. Mapinduzi gani haya yana bei ya rejareja? Na kayaba ina miiba kama hamjui, ilinidunga kiganja na ikashika koti, lakini nikapita nimeliinua juu.

Kupinda kona, lori la polisi.

"Wewe kiongozi! Hilo tawi ni la nini?"

Nikasema ni la mbuzi, afande.

"Mbuzi iko wapi?"

Nyumbani.

"Nyumbani ni wapi?"

Nikaonyesha nilikotoka. Akafikiria. "Sasa unabeba chakula ya mbuzi kutoka kwa mbuzi ukipeleka mjini?" Wenzake wakasogea wasikie jibu, na mimi pia nilikuwa nalingoja. Kilichoniokoa ni ile kopo ya gesi iliyolia huko nyuma, wote wakakimbia upande ule na mimi upande mwingine, machozi yakinitoka na tawi bado mkononi kwa sababu miiba ilikataa kuachana na koti.

Na msinianze kwamba polisi kazi yao ni kufungua barabara. Tarehe 7 Julai 2025, ile siku ya maandamano ya Saba Saba, nani alifunga Thika Road? Nani alifunga hii hii Waiyaki Way? Walikuwa wamevaa gambuti na filimbi? Watu walitembea tangu alfajiri kwa sababu serikali ilijifungia njia yenyewe, wauguzi, mafundi, wasafiri wa usiku na mizigo kichwani, na sijasikia mtu aliyeletewa notisi ya siku tatu. Mwaka huo huo, Mwakilishi wa Kike wa Nairobi, Esther Passaris, akapeleka mswada bungeni, watu wasiandamane ndani ya mita mia moja kutoka Bunge na mahakama. Mita mia! Sasa ukiwafukuza watu Bungeni wataenda wapi, si watakuja kwetu barabarani? Mimi nimewekewa mita ngapi?

Bosi alikuwa ameandika "Uko wapi?" mara nyingi hadi akaacha kuweka alama ya kuuliza. Nimefika amekata nusu siku. Nikamwambia kuna maandamano, akasema hata yeye ameyaona kwa TV.

Jioni nauli imepanda maradufu, sababu ni maandamano. Maandamano yaliisha saa nne! Nikapitia kwa fundi wa viatu, soli imeachia, akaniambia mia tatu hamsini. Wiki jana ilikuwa mia mbili. Kwa nini? Eti gundi imepanda. Gundi! Nikamuuliza nani ameongeza bei ya gundi, akasema yeye hajui ila ni mia tatu hamsini na nilipe kwanza.